Eti viola ni rahisi kuliko vayolini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, napiga vayolini toka nikiwa na tisa. Mwalimu wangu ananiambia nihamie viola, ile ndugu ya vayolini iliyo kubwa kidogo na yenye sauti ya chini, kwa sababu wapigaji ni wachache, so kazi ya okestra utapata chap. Mi nataka iwe kazi ya kunilisha kabisa, sio ya wikendi. Ni kweli ni rahisi, na je sijachelewa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuchelewa hujachelewa, ondoa hilo kichwani. Wapiga viola kibao walianza na vayolini, hata William Primrose alisomea vayolini na akawa mpiga viola kamili mwaka 1930, umri wake ulishapita wako, na leo ukitaja viola lazima umtaje yeye.

Ila hiyo ya "rahisi" hapana. Wapigaji ni wachache sawa, lakini na viti navyo ni vichache! Okestra kubwa ina vayolini kama 30 hivi, viola 12 au pungufu, afu mtu akishapata kiti anakikalia mpaka astaafu, sa hesabu mwenyewe nafasi inatoka lini.

Na chombo chenyewe kina tabia zake. Uzi wa juu wa E uliouzoea haupo, umepata C huku chini, na C ni kama mzee aliyelala mchana, ukimwita kwa haraka haitiki. Upinde wa viola ni mzito kidogo, inabidi uache uzito wa mkono ushuke wenyewe badala ya kukandamiza, na hapo ndo wanaotoka vayolini wanapojulikana, wanapiga viola kama vayolini kubwa, sauti inatoka nyembamba. Nota nazo zinasomwa kwa ufunguo wa C (ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha C iko wapi) unaokaa mstari wa katikati, huo utakusumbua wiki kadhaa tu, usiuogope.

Njia ya kawaida ni digrii ya muziki, wengi wanaongeza masters, huku unapiga kama kibarua pale okestra inapopungukiwa mtu. Halafu usaili. Mara nyingi raundi ya kwanza unapiga nyuma ya pazia, wanakujua kwa namba tu, kuna mahali wanatandika hadi kapeti ili mlio wa viatu usitoe siri kama wewe ni mwanamke au mwanaume. Unaanza na koncheto, yaani utunzi wa chombo kimoja kinachosindikizwa na okestra, Ujerumani karibu lazima iwe ya Hoffmeister au ya Stamitz, zote za D meja, zinasikika nyepesi mpaka uzipige mbele ya watu. Kisha vipande vya okestra: mwanzo wa Don Juan ya Richard Strauss, sehemu ya pili ya simfoni ya 5 ya Beethoven ambapo viola na chelo ndo wanaoanza na melodi, na skatso (scherzo, kipande chepesi cha kasi) ya Mendelssohn ya Midsummer Night's Dream.

Hiyo skatso ndo iliyonitoa usaili wangu wa kwanza. Niliianza kwa spidi ya nyumbani, kumbe nyumbani moyo ulikuwa umetulia, mle ndani mkono ukawa unatetemeka, upinde ukaanza kuruka kwa mpango wake wenyewe, sikufika hata nusu nikasikia "asante" nyuma ya pazia. Basi. Toka hapo nikawa napanda ngazi mbio, nikifika juu nahema hivyohivyo nashika viola naanza, na metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo, pembeni haina huruma. Fanya hivyo mapema, usisubiri kuaibika kama mimi.

Ukichukuliwa bado hujachukuliwa lol, kuna kipindi cha majaribio, sehemu nyingi mwaka mzima, na wenzako wa safu ya viola wana sauti kubwa kwenye uamuzi. Hapo hawaangalii tena ufundi wa vidole peke yake. Wanaangalia kama upinde wako unaenda na wa kiongozi wa safu, na kama unajua kupunguza sauti pale mpiga obo (chombo cha mbao cha kupuliza) anapoimba. Kazi kubwa ya viola ni kukaa katikati, unashikilia nota ambayo ukikosea hakuna anayejua nani kakosea ila kila mtu anasikia kuna kitu kimeharibika. Kama raha yako ni melodi kila siku, baki na vayolini, nakwambia kama mdogo wangu.

SWALI: Nimepewa viola ya sentimita 43 inaunguruma vizuri sana ila bega linauma. Nivumilie?

JIBU: Usivumilie. Viola haina saizi moja rasmi, wakubwa wanapiga kuanzia kama 38 mpaka 43, na kwa sauti yake ilivyo chini ilitakiwa izidi hata 50, ila nani angeibeba shingoni? Jaribu ya 40, nyoosha kidole cha nne (kile kidogo cha mwisho) kwenye uzi wa C, kama kiganja kinapinda kuifuata nota, shuka tena saizi. Na bega linaloendelea kuuma mpelekee mtu wa fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo), sio mimi.