Matangazo yananimalizia bando, nitumie proksi gani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina stesheneri Morogoro, kompyuta nne bando moja, sasa matangazo ya video yanajicheza yenyewe mpaka mteja anayejaza fomu anasubiri weee. Proksi za bure, yaani zile seva za katikati zinazopitisha mawasiliano ya brauza kwenda intaneti, nimeziona kibao, wengine wananitajia programu za Squid na Privoxy. Nichukue ipi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hizo proksi za bure za watu usiowajua achana nazo kabisa, maana wateja wako wanaingiza namba za NIDA na paswedi humo na vyote vinapitia kwao. Weka yako mwenyewe kwenye kompyuta moja hapo hapo dukani. Mimi nakwambia chukua Privoxy, ni ya bure na inakuja na vichujio vyake vya matangazo tayari, Squid ni nzuri ila kazi yake hasa ni kutunza nakala za kurasa zilizokwisha kufunguliwa, orodha ya matangazo utaitafuta mwenyewe. Fungua faili la mipangilio la Privoxy liitwalo config, palipoandikwa listen-address 127.0.0.1:8118, badala ya 127.0.0.1 weka IP (namba ya anwani) ya hiyo kompyuta kwenye netiweki yako, halafu brauza zote nne zielekeze huko, poti 8118. Watu wa nje wasiifikie, tafadhali.

Ila kurasa nyingi siku hizi ni HTTPS, yaani mawasiliano yake yamefungwa kwa siri, hapo Privoxy kama ilivyo inaona jina la tovuti tu, ndani haioni, kwa hiyo seva za matangazo itazikata lakini matangazo ya YouTube yatapita. Kwa hayo ongeza uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo, kwenye brauza ya Firefox.