Je, tubadilishe dawa za malaria kwa zamu?

Swali: Daktari, nasimamia stoo ya dawa katika kliniki moja hapa Kayole. Malaria kwetu tunaitibu kwa AL (artemeta na lumefantrini) tu, mwaka nenda mwaka rudi. Nasikia vimelea vinazidi kuizoea. Mbona tusiweke zamu, miaka miwili AL, miwili dawa nyingine?

Jibu: Kenya imewahi kuhama dawa, ila kwa kuchelewa. Mwaka 1998 klorokwini iliipisha SP (sulfadoksini na pirimethamini). Mwaka 2004 AL ikachaguliwa, ikaanza kufika vituoni 2006. Kila mara tulingoja dawa ishindwe kwanza, na waliolipia kungoja huko ni watoto.

Zamu yako ni afadhali kuliko hivyo, lakini kwa miaka miwili mizima vimelea vyote nchini vitapambana na dawa ileile. Mimi naunga mkono kutumia dawa mseto kadhaa nchini kwa wakati mmoja; kila mseto, kama AL, ni dawa ya jamii ya artemisinini pamoja na dawa mwenza, kama lumefantrini. Kimelea kilichoponyoka lumefantrini kwa mgonjwa mmoja, mbu akikipeleka kwa jirani, kinakutana na piperakuini, dawa mwenza ya mseto mwingine. Tena lumefantrini na amodiakuini, dawa mwenza nyingine, huvuta pande tofauti: mabadiliko ya kijeni yanayokisaidia kimelea kuistahimili moja mara nyingi hukidhoofisha mbele ya nyingine. Burkina Faso wamelijaribu jambo hili wilayani Kaya, wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa wengine kila kundi likipewa dawa yake.

Mzigo wake utauona wewe stoo: dawa zikiwa tatu, ni makisio matatu ya mahitaji badala ya moja, tarehe tatu za kuisha muda, wahudumu wa kufundishwa upya. Na dawa mseto hizi zote zina jamii ya artemisinini ndani yake, ambayo vimelea vya Rwanda, Uganda na Kagera tayari vimeanza kuistahimili kiasi. Kubadilisha dawa mwenza hakuondoi tatizo hilo.

Kwa hiyo usianzishe zamu yako peke yako. Huo ni uamuzi wa taifa. Hakikisha mtu mzima anaondoka na vidonge vyote 24, ameze vinne kwa mkupuo, dozi ya pili ikifuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta. Wagonjwa wengi wa malaria Nairobi wametoka safari ya magharibi au pwani, basi waulizwe. Akirudi na homa ndani ya siku 28, apimwe kwa darubini, kwa sababu kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Vikionekana, apewe dawa ya chaguo la pili, na taarifa ifike kaunti.