Re: Figo ya kulia imetanuka, mimba wiki 26

Dada wa Kasulu, ultrasaundi kuonyesha figo ya kulia imetanuka kidogo bila homa wala maumivu ni jambo la kawaida kwa mjamzito. Homoni ya projesteroni hulegeza mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, kisha mji wa mimba, ambao huegemea kulia, huukandamiza mrija wa upande huo. Wa kushoto umekingwa na utumbo mpana. Kwa kawaida hurudi sawa wiki chache baada ya kujifungua. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto.

Ninachokuomba usipuuze ni vijidudu, kwa sababu mkojo uliotuama huvilea, mara nyingi bila dalili. Omba kipimo cha kuotesha mkojo, yaani maabara kuangalia kama kuna vijidudu vinavyoota humo. Jisafishe kwa maji, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati kwenye kichupa safi, ufike maabara ndani ya saa moja. Ukichelewa, majibu hudanganya. Ukiandikiwa dawa, maliza dozi.

Homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya kiuno upande mmoja: nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki.