Kwanini mie siruki msiba kwenye komedi

Ndugu uloleta mada umeuliza kwanini wanatia msiba katikati ya filamu ya kuchekesha, ukasema wanaharibu raha. Mie hapo sikubaliani na weye kabisa.

Kuna ile ya Uingereza ya 1994, Four Weddings and a Funeral, nlitazama kwetu Wete kwa mkanda wa kuazima, tuko watu saba mbele ya tivii moja tunacheka mpaka mbavu zinauma, mara yule Gareth, bonge la mtu na vizibao vyake vya mbwembwe, anaanguka harusini anakufa. Chumba kizima kimya. Maziko yakafika, mwenzake Matthew anasimama kuzungumza, na hapa ndo patazameni vizuri, haanzi na kilio, anamtania marehemu kwa mapishi yake ya ajabu, bata wa ndizi, eti bora upishi huo kazikwa nao. Watu wanacheka. Kisha ndo anasoma shairi la W. H. Auden, saa zisimamishwe, simu ikatwe, mbwa anyamazishwe. Sauti inataka kukatika, anaibana.

Kile kicheko ndo kilotufungua vifua, angeanza na shairi moja kwa moja tungelisikiliza kama wapita njia tu.

Na shairi lenyewe wengi hawajui, lilianza kama dhihaka, Auden alilitia kwenye tamthilia alotunga na Christopher Isherwood mwaka 1936, kukejeli maombolezo ya mwanasiasa, baadae akaliandika upya likawa huzuni ya kweli.

Mie haya ya kicheko kufungua kilio niliyajua kwa ami yangu. Alikuwa mcheza dhumna wa baraza yetu, akikufunga anakuimbia mpaka magharibi. Alipofariki, siku ya tatu baada ya hitma, mzee mmoja rafiki yake akatoa karatasi ya daftari la skuli, wino umechujuka kwa jasho la mkono, akasoma beti alizotunga mwenyewe. Ubeti wa kwanza wote unamsema ami alivokuwa akificha kete ya sita-sita chini ya msuli alojifunga kiunoni. Baraza zima likaangua kicheko, hata mwanawe. Ubeti wa pili mizani ileile, vina vilevile, ila sasa anauliza kete ile ataitoa nani. Kibwagizo hakukifikia. Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, na hapo ndo mwanawe alolia, tokea maziko alikuwa hajatoa chozi.

Kwaiyo komedi zetu nyingi zinaponikera ni pale msiba unapoletwa na kinanda kikubwa na watu wanajigaragaza, marehemu mwenyewe hatujacheka nae hata mara moja, sasa tumlilie nani?

Kaitazame tena hiyo filamu ndugu yangu, ila usiisogeze mbele mpaka kwenye maziko. Anza harusi ya kwanza, umwone Gareth anavocheza.