Picha ya kanisa kwenye fremu
Kaka umeuliza picha ya kanisa la Moravian Rungwe uliyopiga na simu kama itatoka A3 (saizi ya karatasi mbili za A4 zikiwekwa pamoja) ya kuweka fremu, inatoka vizuri tu, ila usimtumie wa studio kwa WhatsApp kama picha maana inabanwa na ubora unashuka, itume kama dokumenti. A3 safi inataka pikseli 3500 kwa 4900 hivi.

Ishu kubwa ni unyevu, Tukuyu mvua na ukungu unaijua mwenyewe, picha ikigusana na kioo inaganda inaota madoa, ya kwangu ya kipaimara ilikufa hivyohivyo, mwambie fundi azungushie kadi nene pembeni ili kioo kisiiguse. Na misheni ya toka 1891 usiiwekee fremu ya plastiki bwana, mbao za paini zimejaa huko.