Kabla ya kudai namba ya Ordre, fungua daftari

Vijana wanaomaliza Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), hunitumia swali moja juu ya kuandikishwa kwenye Ordre, chombo cha wahandisi: "Yaya, dosie ya Ordre inapelekwa wapi?" Nami huwauliza: kazi uliyofanya mwaka wako wa kwanza, nani aliisaini? Hapo simu hunyamaza.

Ya makaratasi tuyamalize haraka. Ordre national des ingénieurs civils, ONICIV, iliundwa kwa sheria ya Desemba 2018, na si ya watu wa barabara na majengo peke yao kama wengi wanavyodhani. Kwetu Congo ingénieur civil ni yule wa miaka mitano, A0, awe wa migodi, wa metali, wa umeme au wa elektromekanika kama mimi. Aliyesoma miaka mitatu akawa ingénieur technicien, A1, asijaze fomu kwa cheo kisicho chake. Cheo kinasomwa kwenye diplome, si kwenye beji ya kazini. Orodha ya vipande vya dosie na pesa za kulipa kaiulize mwenyewe sekretarieti, siyo kwenye kikundi cha WhatsApp. Lipa benki, uchunge bodero, ile karatasi ya malipo.

Sasa tuje kwenye daftari, lile unaloandika kazi ulizofanya na msimamizi akazisaini, maana hapo ndipo watu wanapokwama wakitaka kuaminiwa na saini yao, hapa kwetu au ng'ambo ya mpaka.

Nilipokuwa staji, papa mmoja fundi wa umeme aliyezeekea Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, aliniambia: "Mama, shefu wako kesho atahamia Kolwezi. Andika leo, asaini leo." Nilimtii kwa sababu ya mvi zake tu, sikuwa nimeelewa. Nilielewa baadaye, nilipoona wenzangu wa kontra za miezi mitatu mitatu wakihangaika. Kampuni ndogo ya sous-traitance, ile inayopewa kazi na kampuni kubwa, imefungwa, mkubwa wa kazi yuko nchi nyingine na namba yake haipiti, na mtu amebaki na barua inayosema "alifanya kazi nasi vizuri". Vizuri namna gani? Alibeba funguo au alifanya hesabu? Barua haisemi.

Kwa hiyo usiandike "nilishiriki kazi za pampu". Andika hivi. Chini ya shimo la mgodi wa wazi kuna maji ya kutoa: mita za ujazo 150 kwa saa, na kimo cha jumla, pamoja na msuguano wa ndani ya bomba, ni mita 80. Maji yenyewe yanahitaji karibu kilowati 33. Pampu ina ufanisi wa asilimia 70, basi mota inadaiwa karibu kilowati 47. Ghalani kuna mota ya 45, na kila mtu anasema itatosha, tofauti ni ndogo. Lakini mota za kawaida zimehesabiwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na Lubumbashi tuko kwenye 1,200 hivi, ambako hewa nyepesi hupoza kidogo. Ile ya 45 ingefanya kazi mchana na usiku ikiwa imezidiwa, hadi nyaya zake za ndani ziungue. Niliandika hesabu, nikaomba ya 55, mhandisi aliyenisimamia akazipitia na kusaini. Baada ya kuwasha tukapima ampea, nazo nikaziandika.

Ukurasa ule una tatizo, hesabu, chaguo lililokataliwa na sababu yake, matokeo, jina na saini. Mimi hulipenda zaidi lile chaguo lililokataliwa. Kunakili fomula kila mtu anaweza. Kueleza kwa nini umeacha mota iliyo tayari ghalani, wakati mkubwa anataka uzalishaji uendelee, hiyo ndiyo kazi yetu. Anayeona ninazidisha aende Kipushi, kilomita thelathini hivi kutoka hapa, aulize wazee: mwaka 2011 pampu zilishindwa, maji yakapanda ndani ya mgodi, na kuyatoa kukachukua miaka.

Saini itafutwe kwa mhandisi aliyeona kazi kwa macho yake. Ya mkurugenzi ambaye hajawahi kushuka shimoni inapendeza kwenye karatasi, ila siku akiulizwa juu yako hatakuwa na la kusema. Ukibadilisha kazi, usitoke getini kabla hujapata kurasa zako zimesainiwa, na uzipige picha. Siri za kampuni, kama ramani za madini, ziache huko huko. Hesabu yako haizihitaji.

Kwa wanaowaza kuvuka mpaka wa Kasumbalesa: Zambia kuna Engineering Institution of Zambia, na kule mhandisi hafanyi kazi bila kuandikishwa. Afrika Kusini, ECSA, baraza la wahandisi la kule, inataka angalau miaka mitatu ya kazi baada ya diplome, na kwa kuwa Congo haimo katika Mkataba wa Washington, ambao nchi zake hutambuliana diplome za uhandisi, masomo yako yatapimwa kwanza. Marekani ni mitihani miwili, FE ya misingi ya uhandisi yenye maswali 110 na baadaye PE ya utendaji wa kazi, na kwa kawaida miaka minne ya kazi chini ya mhandisi mwenye leseni. Kote huko daftari lile lile litakufaa, ukilitafsirisha kwa mtafsiri aliyeapa. Kiingereza anza kukisoma sasa, usingoje viza.

Jambo la mwisho, wanafunzi hawaniulizi ila wenye namba tayari wanalijua. Ukishaandikishwa, watu wataanza kubisha mlangoni na michoro. "Mama ingénieur, weka tu saini hapa, nyumba imeshafika ghorofa ya pili, tunataka karatasi ya mairie, ofisi ya jiji." Pesa wanayoitaja si mbaya, na mara nyingi anayeomba ni shemeji au mtu wa kanisani. Mimi ni mtu wa pampu. Nguzo za nyumba sizisaini, hata zikiwa za mama mkwe. Namwelekeza kwa mwenzangu wa construction, naye kabla ya kutaja bei huomba picha za vyuma zilizopigwa zege lilipokuwa halijamwagwa.