Kabla hujamsifia mtu sufuria ya presha

Anza na kitu ulichokwisha kukitumia nyumbani mpaka ukakijua tabia. Wengi wanaoanza kuandika tathmini za bidhaa hukimbilia kitu kipya, wakakifungua, wakasifia rangi na boksi, basi. Msomaji wa mtaa wa Sakina, hapa Arusha, anayetaka kutoa hela yake hajafaidika chochote. Boksi hata yeye ataliona dukani.

Chukua sufuria ya presha ya umeme. Kabla hujaandika mstari mmoja, waulize majirani wawili watatu wanaotaka kuinunua wanahofia nini. Hawatauliza ina vitufe vingapi. Watauliza inakula umeme kiasi gani, inatosha watu wangapi, mpira wa mfuniko ukichakaa unapatikana wapi. Maswali hayo ndiyo mpango wako. Yapange kwa uzito wake kwao, achana na mpangilio wa kitabu cha maelekezo.

Kisha pima. La umeme ni jepesi: zima vingine vyote, soma yuniti kwenye mita ya LUKU kabla na baada ya kupika. La ukubwa lina mtego. Boksi likisema lita 6, hiyo ni sufuria nzima, wakati maharage hayatakiwi kuzidi nusu, kwa kuwa yanavimba na povu lake linaweza kuziba tundu la mvuke. Mwenye familia kubwa mwambie wazi: ni lita 3, maji na maharage pamoja.

Taja na mahali ulipopikia. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya sufuria ya kawaida hutuchelewesha kuliko watu wa Tanga. Presha inatibu hilo hasa, maana mvuke ukibanwa joto linapanda. Ukiandika tu "inaokoa muda", wa Tanga na wa Ngaramtoni, huku kwetu Arusha, watasoma neno lilelile, ilhali faida zao hazilingani.

Taa za sola nazo zina mambo yake. Ukiijaribu Februari kwenye jua la Moshi, utaipa sifa ambazo Julai, mawingu yakitanda mchana kutwa, hazitaonekana. Andika mwezi. Na "saa 12" za kwenye boksi mara nyingi ni za mwanga hafifu kabisa. Washa ule mkali, tazama saa.

Ukipewa bidhaa bure na mwenye duka, sema mwanzoni kabisa. Mimi nikikuta jambo hilo limefichwa mkiani, siamini tena yaliyotangulia.

Kasoro zieleze kwa namna ambayo mtu ataamua mwenyewe: "waya ni mfupi, soketi ikiwa mbali utahitaji ekstensheni" inasaidia kuliko "waya mbovu". Nyota tano, kama ni lazima, zije mwishoni (binafsi sizipendi). Na baada ya miezi michache rudi kwenye tathmini yako, uongeze hali ya ule mpira wa mfuniko na bei uliyouziwa mwingine.